Jinsi ya kupima kura za wabunge wa jimbo kwa kipimo cha katiba: mwongozo kwa wapigakura wa Minnesota

Wapigakura wengi wa Minnesota wanaozungumza Kiswahili, hasa waliotoka Kenya na kufanya makazi Brooklyn Park, Brooklyn Center na miji ya jirani, hufuatilia siasa za Washington na za Nairobi kwa karibu kuliko zile za Saint Paul, ingawa ni bunge la jimbo, linalokutana Saint Paul, ndilo linaloamua fedha za shule, kodi ya mauzo, leseni za udereva, adhabu za makosa mengi ya jinai na utaratibu wa kuandikisha wapigakura. Mwaka 2024 Huldah Momanyi Hiltsley, aliyezaliwa Kenya, alichaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi la jimbo kutoka wilaya ya 38A. Kuwa na mwenzetu bungeni kunaongeza haja ya kujua kura zinavyosomwa, kwa sababu udugu na ujirani havipaswi kuchukua nafasi ya ukaguzi.

Mwongozo huu unahusu swali moja tu: je, mbunge alipopiga kura fulani, alibaki ndani ya mamlaka na utaratibu aliopewa na katiba? Swali hilo halifanani na lile la kama muswada ulikuwa mzuri au mbaya. Jambo zuri linaweza kupitishwa kwa njia ambayo katiba imeikataza, na sheria usiyoipenda hata kidogo inaweza kuwa halali kabisa. Asiyetenganisha mambo haya mawili atajikuta amepima chama, huku akidhani amepima kura.

Hatua ya kwanza: wajue wabunge wako wawili na katiba zako mbili

Kila mkazi wa Minnesota ana seneta mmoja wa jimbo na mwakilishi mmoja wa jimbo. Seneti ina viti 67, na kila wilaya ya seneti imegawanywa sehemu mbili, A na B, zinazotoa jumla ya wawakilishi 134. Watu hawa si wale wanaokwenda Washington, na kosa la kuwachanganya ni la kawaida kiasi kwamba inafaa kuandika majina yao juu ya karatasi kabla ya kuendelea.

Katiba nazo ni mbili. Ya Marekani inawafunga wabunge wa jimbo kwa njia kadhaa: kifungu cha 10 cha Ibara ya I kinazikataza bunge za majimbo kutunga sheria ya jinai inayorudi nyuma, yaani inayoadhibu tendo lililofanywa kabla haijatungwa, au kudhoofisha mikataba iliyokwisha kufungwa, Ibara ya VI inaifanya sheria ya taifa kuwa juu ya ya jimbo, na Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yanadai ulinzi sawa wa sheria na utaratibu wa haki. Ya pili ni Katiba ya Minnesota, iliyoidhinishwa na wananchi Oktoba 1857 na kupangwa upya mwaka 1974. Wajumbe wa vyama viwili walioiandika walichukiana hata wakakataa kukutana katika ukumbi mmoja, na mwisho kila upande ukatia sahihi nakala yake. Hata hivyo, maandishi waliyotuachia ni mafupi na yanasomeka kwa jioni moja. Anza na Ibara ya I, inayotaja haki, kisha Ibara ya III inayotenganisha mihimili ya serikali, halafu Ibara ya IV inayohusu bunge lenyewe, ambayo ndiyo utakayorudi kwake mara nyingi zaidi.

Hatua ya pili: andika kipimo chako kabla ya kutazama jina lolote

Hapa ndipo karatasi nyingi za alama, zile zinazowapa wabunge maksi kwa kura zao na kusambazwa wakati wa uchaguzi, zinapokosea, na inafaa kulitazama kosa hilo vizuri. Bunge la taifa lina mamlaka yaliyoorodheshwa: likitunga sheria, raia ana haki ya kuuliza ni kifungu gani kinachoiruhusu. Bunge la jimbo lina msingi mwingine. Linamiliki mamlaka yote ya kutunga sheria, isipokuwa yale ambayo katiba ya jimbo au ya taifa imeliondolea. Kwa hiyo anayempima mbunge wa Minnesota hapaswi kuuliza "imeruhusiwa wapi?" bali "imekatazwa wapi?" Mtu anayempa mwakilishi alama mbaya kwa kupitisha mpango wa chakula cha shuleni, kwa hoja kwamba katiba haitaji chakula cha shuleni, ametumia kipimo cha Washington mahali ambapo hakina kazi.

Baada ya kuelewa hilo, andika maswali machache utakayoyatumia kwa kila kura. La kwanza ni la utaratibu: je, muswada una jambo moja, na jambo hilo limetajwa katika kichwa chake, kama kinavyodai kifungu cha 17 cha Ibara ya IV? Je, uliripotiwa siku tatu tofauti katika kila baraza, au theluthi mbili za wajumbe walikubali kuharakisha kwa dharura, kama kifungu cha 19 kinavyosema? La pili ni la idadi: sheria ya kawaida inahitaji wingi wa wajumbe wote waliochaguliwa, yaani 68 katika Baraza la Wawakilishi na 34 katika Seneti, deni la kujengea miradi ya umma kwa hati fungani linahitaji tatu ya tano, yaani 81 na 41, na kuipiku kura ya turufu ya gavana kunahitaji theluthi mbili, yaani 90 na 45. La tatu ni la mipaka: je, sheria inagusa haki iliyotajwa, au inanyang'anya muhimili mwingine kazi yake? La nne husahaulika, nalo ni la wajibu. Ibara ya XIII inaliamuru bunge kuanzisha mfumo wa jumla na wa usawa wa shule za umma, na Mahakama ya Juu ya jimbo ilishasema mwaka 1993 kwamba elimu ni haki ya msingi Minnesota. Mbunge anaweza kuikosea katiba kwa kutofanya, na kutofanya hakuonekani kwa urahisi katika orodha ya kura.

Weka maswali hayo kwa maandishi na uyatie tarehe. Ukiyaandika baada ya kuona nani alipiga nini, mkono utavutwa.

Hatua ya tatu: chagua kura zinazosema kitu

Kura nyingi hupita kwa sauti moja au karibu, na hizo hazitakuonyesha tofauti yoyote. Tafuta kura za marekebisho, kura za kupinga uamuzi wa spika, kura za kuahirisha au kurudisha muswada kwenye kamati, na kura za mwisho zilizokaribiana. Chukua angalau mbili ambazo matokeo yake uliyapenda na mbili ulizozichukia. Ukitumia karatasi ya alama iliyotengenezwa na kikundi chochote, uliza kwanza nani alichagua kura zilizomo na kama alizichagua kabla au baada ya kuona majina, kwa kuwa uteuzi huo peke yake unatosha kumpandisha au kumshusha mtu yeyote.

Hatua ya nne: soma maandishi yaliyopigiwa kura, si habari juu yake

Miswada ya Baraza la Wawakilishi hubeba herufi HF na namba, ile ya Seneti hubeba SF, na yote imewekwa wazi kwenye tovuti ya bunge la jimbo bila malipo. Muswada mmoja huwa na matoleo kadhaa, na kila marekebisho yakipita toleo jipya hutolewa. Hakikisha unasoma lile lililokuwa mezani siku ya kura. Ukilifungua utaona maneno mapya yamepigiwa mstari chini na maneno yanayofutwa yamekatwa kwa mstari katikati, huku maneno ya sheria iliyopo yakiachwa kama yalivyo. Mpangilio huo ni msaada mkubwa, kwa sababu kurasa kumi zinaweza kuwa na mabadiliko ya sentensi mbili tu.

Usikiruke kichwa cha muswada. Kinaanza kwa kusema kwamba ni muswada wa sheria inayohusu jambo fulani, kisha hufuata orodha ya mambo yaliyotenganishwa kwa nuktamkato, halafu namba za vifungu vya sheria vinavyobadilishwa. Muswada wenye jambo moja una kichwa cha mistari michache. Ukiona kichwa kinachojaza ukurasa na kuendelea kwenye mwingine, umekwisha kupata jibu la kwanza kuhusu kifungu cha 17.

Hatua ya tano: soma kumbukumbu rasmi, pamoja na majina yasiyokuwepo

Katiba inadai kwamba kura ya mwisho ya kila muswada iandikwe katika kumbukumbu za baraza husika. Huko utakuta hesabu ya waliokubali na waliokataa, kisha majina yao kwa safu. Asiyepiga kura hatajwi katika safu yoyote, kwa hiyo inakubidi umtafute kwa kumkosa, halafu urudi mwanzo wa kumbukumbu za siku hiyo kuona kama alipewa ruhusa ya kutokuwepo.

Kutokuwepo kuna uzito kuliko inavyodhaniwa. Kwa kuwa sheria inahitaji kura 68 za wajumbe wote waliochaguliwa, na si wingi wa waliomo ukumbini, muswada wenye kura 67 za ndiyo na 60 za hapana umeanguka, na kila mmoja wa wale saba wasiokuwepo amesaidia kuuangusha sawasawa na aliyesema hapana.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Januari 2025. Kiti kimoja kilikuwa wazi, Republicans walikuwa 67 na chama cha DFL, ambacho ndicho Democrats wa Minnesota, kilikuwa na 66. Wabunge wa DFL walikataa kuingia ukumbini ili akidi, yaani idadi ya wajumbe inayotakiwa ili baraza lifanye kazi, isitimie. Republicans wakaendelea na shughuli na kumchagua spika kwa hoja kwamba, wajumbe wakiwa 133, 67 ni wingi. Tarehe 24 Januari Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba akidi ni 68, kwa hesabu ya viti vyote 134. Mwanzoni mwa Februari vyama vilifikia makubaliano na baraza likaanza kazi.

Anayetumia kipimo cha katiba hawezi kuuacha upande wowote. Kifungu cha 13 cha Ibara ya IV kinasema wingi wa kila baraza ndio akidi, na waliofanya kazi bila wingi huo walikwenda kinyume na tafsiri ambayo mahakama ilikuja kuithibitisha. Kifungu hicho hicho kinawaruhusu wachache waliohudhuria kuahirisha kikao siku hadi siku na kuwalazimisha wasiohudhuria kuja, maana yake ni kwamba walioandika katiba waliwategemea wajumbe wahudhurie na waliona mgomo kuwa jambo la kuzuiwa. Kwa maoni yangu, pande zote mbili zinastahili alama ya kasoro hapo, kila moja kwa sababu yake, na karatasi inayotaja kosa la upande mmoja tu haijakisoma kifungu hadi mwisho.

Hatua ya sita: tumia muda mwingi kwenye miswada mseto

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu kwa ukamilifu, fanya hii. Minnesota ina desturi ya muda mrefu ya kukusanya mambo mengi katika muswada mmoja mkubwa siku za mwisho za kikao. Desturi hiyo inasukumwa na katiba yenyewe kwa kiasi fulani: kikao kina mwisho uliowekwa mwezi Mei, na kifungu cha 21 kinakataza kupitisha muswada siku ile ile ya kufunga, kwa hiyo saa sita ya usiku wa Jumapili inayotangulia huwa ukingo ambao kila mtu anaukimbilia. Muswada ukitoka kwenye kamati ya pamoja ya mabaraza mawili haubadilishwi tena. Mbunge anaukubali wote au anaukataa wote.

Mwaka 2018, Republicans wakiwa na wingi katika mabaraza yote mawili, bunge lilipitisha SF 3656, muswada wenye kurasa karibu 1,000, na Gavana Mark Dayton akaupigia kura ya turufu. Mwaka 2024, DFL wakiwa na wingi katika mabaraza yote mawili, HF 5247, ulioanza kama muswada wa kodi, ulirundikiwa mambo ya afya, uchukuzi, nishati, silaha na mengine hadi ukapita kurasa 1,400, ukapitishwa usiku wa Jumapili tarehe 19 Mei na kutiwa sahihi na Gavana Tim Walz. Kila mara upande wa wachache ulilalamika kwamba kifungu cha 17 kinavunjwa.

Zoezi ni hili. Fungua kumbukumbu za kura za miswada hiyo miwili, uandike majina ya wabunge waliokuwepo mara zote mbili, kisha uone kila mmoja alipiga nini 2018 na alipiga nini 2024. Mbunge aliyekataa miswada yote miwili, ule wa chama chake na ule wa wapinzani wake, ana haki ya kusema anajali kanuni ya jambo moja. Aliyekubali wa kwake na kukataa wa mwenzake, huku akikitaja kifungu cha 17 mara moja tu, ameonyesha kwamba kifungu hicho kwake ni silaha ya kupigania. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Sikiliza pia mijadala iliyorekodiwa, kwa kuwa hoja ya mbunge mara nyingine huweka wazi kama alijua anachokifanya.

Kuwa mwadilifu kwa wabunge hapa, maana kura ya hapana kwa muswada mseto inaweza kuwa kura dhidi ya fedha za hospitali ya kijijini kwake. Usimhukumu kwa kura ya mwisho pekee. Tazama kama aliunga mkono hoja za kuutenganisha muswada mapema, kabla haujafungwa.

Hatua ya saba: linganisha na maamuzi ya mahakama, kwa tahadhari

Mahakama za Minnesota kwa miaka mingi zimekuwa na uvumilivu mkubwa kwa miswada mseto, lakini uvumilivu huo una mwisho. Mwaka 2000 Mahakama ya Juu ya jimbo ilibatilisha kipengele cha mishahara ya wajenzi wa shule kilichokuwa kimeingizwa katika sheria ya kodi ya mwaka 1997, kwa kuwa hakikuhusiana na kodi na kichwa cha sheria hakikukidokeza. Sehemu nyingine za sheria zikaachwa. Agosti 2025 jaji wa mahakama ya wilaya ya Ramsey alifanya hivyo hivyo kwa sehemu moja ya sheria ya 2024, iliyokataza kifyatulio cha bunduki kinachotoa risasi moja kikivutwa na nyingine kikiachiwa. Angalia kwamba uamuzi huo haukusema bunge haliwezi kukataza kifaa hicho. Ulihusu njia iliyotumika.

Tofauti kati ya njia na lengo inaonekana vizuri zaidi katika habari ya mweka hazina wa jimbo. Mwaka 1985 bunge lilihamisha kazi karibu zote za ofisi hiyo kwenda kwa kamishna wa fedha, wakati ofisi yenyewe ilikuwa imetajwa katika katiba na mwenye cheo alichaguliwa na wananchi. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu iliibatilisha sheria hiyo: bunge haliwezi kuikausha kwa sheria ya kawaida ofisi ambayo katiba imeianzisha. Basi jambo likapelekwa kwa wenye katiba, na mwaka 1998 wapigakura walikubali marekebisho ya kuifuta ofisi hiyo, ikakoma mwaka 2003. Lengo lilikuwa lile lile, na mbunge aliyelitaka angeweza kupata alama mbaya kwa kura ya 1985 na alama nzuri kwa kura ya kuyapeleka marekebisho kwa wananchi.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, mahakama kuiacha sheria hakumaanishi kwamba imeithibitisha. Mwaka 2023 bunge lilirudisha haki ya kupiga kura kwa watu waliotoka gerezani baada ya kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, nayo Ibara ya VII inasema watu hao hawapigi kura mpaka haki zao za kiraia zirudishwe. Walioipinga sheria hiyo walisema haki lazima zirudishwe zote kwa pamoja. Waliounga mkono walisema bunge lina uhuru wa kuirudisha hii moja. Agosti 2024 Mahakama ya Juu ililiondoa shauri kwa sababu waliolifungua hawakuwa na sifa ya kushtaki. Katika kura ya namna hii, ambapo maneno ya katiba yanabeba tafsiri mbili za uaminifu, mimi huandika "haipimiki" na kuendelea. Pili, mbunge ameapa kuilinda katiba yeye mwenyewe, na jibu la "mahakama itaamua" si utetezi wa kiapo hicho.

Hatua ya nane: andika hukumu kwa maneno, kisha mpe mbunge nafasi ya kujibu

Kwa kila kura andika namba ya muswada, tarehe, swali la kikatiba lililohusika pamoja na kifungu chake, namna mbunge alivyopiga, na sentensi mbili au tatu za hoja yako. Epuka asilimia. Kusema mbunge ana "alama 72 za katiba" kunaleta picha ya usahihi ambao haupo, kwa kuwa kura ya akidi na kura ya hati fungani haziwezi kujumlishwa kama mahindi na mahindi. Ukimaliza, funika majina na usome hoja zako upya ukiwa umewaza kwamba aliyepiga kura hiyo ni mtu wa chama cha pili. Popote utakapotaka kubadilisha neno, hapo pana upendeleo wa kuondolewa.

Kisha mwandikie mbunge kwa heshima, ukitaja kura moja au mbili na kifungu cha katiba kinachohusika, na umwombe aeleze alivyokisoma. Swali lenye namba ya muswada na namba ya kifungu halijibiki kwa barua ya jumla ya kushukuru. Akikujibu, weka jibu lake kando ya hoja yako kama alivyoliandika, hata kama hukubaliani nalo, ili msomaji wa karatasi yako aone pande zote. Viti vyote 201 vya mabaraza mawili vinapigiwa kura Novemba 2026, na karatasi inayokamilika mwanzoni mwa kiangazi, baada tu ya kikao cha Mei kufungwa, itakuwa na muda wa kufika kwa majirani kabla ya uchaguzi wa mchujo wa Agosti.